Rangi za kope za bei nafuu: zipi zinaonekana kwenye ngozi ya maji ya kunde na kustahimili joto la pwani?

Binti wa Chumbageni, Tanga

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kutumia, si wa waliosoma matangazo, kuhusu rangi za kope, hizi ambazo wengi wetu tunaziita aishedo, za bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuimudu. Ngozi yangu ni ya maji ya kunde iliyokolea kidogo, kope zangu zina mafuta, na ninaishi Tanga, mahali ambapo mtu akitoka kuoga saa moja asubuhi, saa moja na robo amekwisha kulowa jasho tena.

Mwezi uliopita nilinunua paleti ya rangi 18 kwa shilingi 15,000 katika duka moja ambalo sitalitaja. Ndani ya kisanduku rangi zote zilipendeza: zambarau, kahawia ya aina tatu, kijani ya jani la mgomba, dhahabu. Nilipopaka, zambarau iligeuka rangi ya majivu ya mkaa, kahawia zote tatu zikawa kitu kimoja kisichoonekana, na unga ulimwagika mashavuni kiasi kwamba mama alipofungua mlango aliniuliza kama nilikuwa nachekecha unga. Dhahabu peke yake ndiyo iliyoonekana, lakini kufikia adhuhuri yote ilikuwa imejikusanya kwenye mkunjo wa kope ikawa mstari mmoja mwembamba kama uzi.

Harusi ya binamu yangu iko Mfungo Mosi, na nimepangwa miongoni mwa watakaompokea bibi harusi. Nina shilingi 40,000 nilizotenga kwa ajili ya uso mzima, na pia nina mdogo wangu anayekuja kutoka Ujerumani ambaye ameniuliza aniletee nini. Je, kosa lilikuwa la paleti au la mkono wangu? Na ni kweli kwamba rangi ikilowekwa maji hukolea?

Mpambaji wa Ilala

Dada wa Chumbageni, pole kwa zambarau iliyogeuka majivu. Nimepamba maharusi kwa miaka tisa, na sehemu kubwa ya rangi zilizomo katika sanduku langu la kazi ni za bei ndogo, kwa sababu bwana harusi hulipa kwa awamu ilhali muuza vipodozi hakopeshi. Kwa hiyo haya ninayokueleza nimeyapata kwa kuharibu, wala si kwa kusomea.

Rangi ya kope ya unga, iwe ya shilingi 5,000 au ya shilingi 200,000, kwa kiasi kikubwa ni vitu vilevile: talki na maika, yaani madini yaliyosagwa, ndio mwili wake, mafuta au silikoni kidogo ndiyo inayoshikanisha unga, halafu kuna rangi yenyewe. Mwenye kiwanda anapobana gharama, mara nyingi rangi ndiyo hupunguzwa na unga mweupe ndio huongezwa. Juu ya ngozi nyeupe unga huo haujitokezi, kwa hiyo mzungu anaweza kuisifu paleti ileile kwa moyo safi kabisa na akawa hasemi uongo. Juu ya ngozi yako na yangu, weupe ule hutangulia kuonekana kabla ya rangi, na huo ndio umajivu uliouona.

Ndiyo maana dhahabu yako ilionekana. Rangi zinazong'aa hutegemea vipande vidogo vya maika vinavyorudisha mwanga, na mwanga haubagui ngozi. Katika vitu vya bei nafuu, basi, zinazong'aa zinunue bila hofu kubwa, lakini zile zisizong'aa, hasa zambarau, bluu na waridi, zichunguze kama mnunuzi wa khanga anavyosugua pindo kwa kidole chenye mate. Kahawia yenye wekundu ndani yake, ile ya tofali au ya mdalasini, mara nyingi hufanya vizuri kuliko kahawia ya kijivu.

Dukani usijaribu kwenye kope kamwe, wala usipake mgongoni mwa kiganja ambako ngozi ni kavu na hudanganya. Chota kwa kidole kisafi, pitisha mara moja tu upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, kisha toka nje ya mlango ukatazame kwa mwanga wa jua, maana taa nyeupe za madukani huzipendelea rangi. Ukilazimika kupitisha mara tatu ndipo ionekane, irudishe. Ikionekana mara ya kwanza, ipake tena kidogo, isubiri dakika kumi ukiwa unatembea madukani, halafu ifute kwa kidole kikavu. Inayoondoka yote kama vumbi la chaki haitafika adhuhuri.

Kuhusu mkono wako: kope zenye mafuta hazitunzi rangi ya shilingi yoyote ile bila msingi. Paka konsila, ile krimu ya kuficha madoa, inayokaribiana na ngozi yako, tone dogo kama punje ya mtama kwa kila jicho, iligonge kwa kidole cha pete mpaka ibaki utando mwembamba, kisha juu yake weka poda ya uso kidogo sana. Watu wengi hukosea hapa kwa kuweka konsila nyingi wakidhani ndiyo uimara. Konsila nzito ndiyo inayoteleza na kubeba rangi hadi mkunjoni. Baada ya hapo rangi isiyong'aa ipakwe kwa brashi kwa kugonga, si kwa kufagia, na inayong'aa ipakwe kwa kidole, kwa sababu joto la kidole huilainisha ikashika. Kile kijiti cha sponji kinachokuja ndani ya paleti usikitupe, kinafaa kwa kukandamiza dhahabu katikati ya kope. Halafu macho yatangulie, faundesheni ifuate, ili unga ukimwagika mashavuni uufute bila kuharibu kazi.

Maji ni kweli kwa nusu. Rangi inayong'aa ikichotwa kwa brashi yenye unyevu hukolea sana. Rangi isiyong'aa ukiilowesha hufanya gamba gumu juu, na kesho yake brashi haichoti kitu. Likikutokea hilo, bandika selotepu juu ya gamba, ibandue polepole, na unga mzuri wa chini utajitokeza.

Shangazi Mwanaidi

Wanangu, mnahangaika. Wakati wetu mwanamke alipaka wanja wa manga, akavaa buibui, na harusi nzima ikamtazama. Huo wanja hauna paleti wala brashi kumi, na bei yake ni ya sabuni.

Mama Wawili, Hamburg

Shangazi, shikamoo, wanja hatujauacha, lakini vijana wanataka na rangi.

Dada wa Chumbageni, kwa kuwa mgeni wako anatoka huku, nikueleze anakopaswa kwenda. Ujerumani duka la vipodozi vya bei nafuu linaitwa Drogerie, na pamoja na jina lake haliuzi dawa za daktari. Hizo zina duka lake, Apotheke. Hali ni tofauti na Marekani, ambako katika maduka kama Walgreens na CVS mtu anachukua vidonge vyake vya presha kwenye dirisha la nyuma na rangi ya kope kwenye rafu za mbele. Hapa mdogo wako aingie dm au Rossmann, ambazo ziko karibu kila mtaa wa maduka, aende moja kwa moja kwenye rafu za essence na Catrice. Chapa hizo mbili ni za kampuni moja, cosnova, na essence ndiyo ya bei ya chini zaidi. Rangi mojamoja katika kikopo chake hupatikana chini ya euro 5.

Lakini mwambie asichukue paleti kwa kupenda kifuniko. Nimesimama mbele ya rafu hizo mara nyingi kwa miaka sita, na kila msimu ninakuta waridi hafifu, maziwa, maganda ya yai na rangi nyingine ambazo kwangu mimi, niliye mweusi kuliko wewe, ni chaki tupu. Kati ya rangi thelathini ninazoweza kuzijaribu, tano au sita ndizo zinazonifaa: shaba, kahawia ya chokoleti, zambarau ya bilinganya inayong'aa, dhahabu kongwe, na wakati mwingine kijani ya zeituni. Kwa hiyo ninanunua mojamoja na kuzipanga katika kisanduku kitupu chenye sumaku. Ukijumlisha, rangi nne zinazotumika zote ni rahisi kuliko paleti ya 18 ambayo 14 zake zinangoja kupitwa na muda.

Kitu kimoja ambacho ningekishauri kuliko vyote kwa mtu wa Tanga ni rangi ya krimu. Maybelline walikuwa na vikopo vidogo vya kioo vinavyoitwa Color Tattoo, na nilikuwa na ile ya shaba, On and On Bronze. Majira ya joto niliipaka peke yake kwa kidole, nikapanda treni iliyojaa watu bila hewa, nikafanya kazi jikoni saa nane, na jioni ilikuwa bado iko mahali pake. Ubaya wake ni kwamba hukauka upesi mno baada ya kupakwa; una kama nusu dakika ya kuitandaza, kisha imekwisha kuamua. Fanya jicho moja moja. Na ukisahau kukaza kifuniko, baada ya miezi michache kikopo kinakuwa na kitu kama kipande cha nta kavu. Kama mdogo wako atakuta krimu ya namna hiyo ya shaba, ya chapa yoyote, aichukue, kwa sababu pia hufanya kazi ya msingi chini ya rangi za unga.

Mfamasia wa Likoni

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha, nami nina mambo machache ya kuongeza kutoka upande wa dawa, kwa kuwa jicho si shavu.

La kwanza ni la Shangazi Mwanaidi, na ninalisema kwa heshima. Wanja wa jadi uliosagwa kutokana na jiwe la galena ni salfaidi ya risasi, yaani madini ya risasi yenyewe, na risasi hujikusanya mwilini hata kwa kiasi kidogo kidogo, ikiwadhuru zaidi watoto wachanga ambao bado wanapakwa wanja huo machoni. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hairuhusu kohl ya aina hiyo kutumika kama rangi ya vipodozi. Si kila kinachouzwa leo kwa jina la wanja wa manga kina risasi, lakini kile cha unga kisicho na maandishi yoyote kwenye kichupa mimi simpakii mtoto.

La pili ni maandishi ya nyuma ya paleti. Nambari zinazoanza na CI ndizo rangi. CI 77891 ni titani dayoksaidi, ambayo ni nyeupe. CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, nyekundu, manjano na nyeusi kwa mpangilio huo, na kutokana na hizo tatu ndipo kahawia nyingi hupatikana. Tatizo ni kwamba watengenezaji huruhusiwa kuziweka rangi mwishoni mwa orodha bila kufuata uzito, na katika paleti huandika alama ya kujumlisha na kutoa kuonyesha kuwa huenda zimo au hazimo katika kila kijungu. Kwa hiyo orodha haitakwambia kama rangi ni nyingi au ni haba. Hapo itabidi urudi kwenye mkono na mwanga wa jua kama alivyosema mpambaji. Orodha itakusaidia kwa jambo jingine: CI 75470 ni karmini, rangi nyekundu inayotolewa kwa wadudu waitwao kochinili, na wanaochunga uhalali wa vipodozi vyao hupenda kulijua hilo kabla ya kununua.

La tatu ni rangi kali zinazowaka, za waridi, nyekundu na zambarau. Marekani kila rangi inayotumika karibu na jicho lazima iwe imeidhinishwa kwa eneo hilo, na nyingi kati ya rangi hizo za maabara hazijaidhinishwa. Baadhi ya watengenezaji hukwepa kwa kuziita unga wa rangi uliokandamizwa badala ya rangi ya kope, kisha kwa herufi ndogo sana huandika kwamba hazikukusudiwa kwa eneo la jicho. Kanuni za Ulaya ni tofauti, na baadhi yake zinaruhusiwa huko. Usomapo onyo la namna hiyo kwenye kisanduku chenye picha ya jicho lililopakwa, una haki ya kucheka, lakini kirudishe rafuni. Vivyo hivyo pambo la kumetameta la kazi za mikono lisikaribie kope. Kingo zake ni kali na zinaweza kukwaruza mboni.

Tafuta pia kichoro cha kikopo kilicho wazi chenye namba kama 12M au 24M, ambacho ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Krimu huharibika mapema kuliko unga. Kwa bidhaa bandia, tazama kama kuna namba ya toleo na anwani ya mtengenezaji, na kama tahajia ya jina ni sahihi. Huko kwenu vipodozi vimekuwa chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, na huku kwetu Kenya ni KEBS, lakini alama ya ubora nayo huigizwa, kwa hiyo isiwe ndiyo ushahidi wako pekee.

Mpambaji wa Ilala

Mfamasia amenikumbusha jambo nililolisahau. Mwanzoni mwa mwaka 2024, macho mekundu yalipoenea hapa Dar es Salaam, nilifuta kazi mbili na nikatupa rangi za krimu zilizokuwa zimechovywa kidole moja kwa moja. Tangu hapo ninachota krimu kwa kijiti hadi kwenye sahani ya bati, na brashi ninazipuliza spiriti baina ya mteja na mteja. Siku ya harusi, dada, ndugu watakuomba brashi yako ya macho. Wanyime kwa upole.

Binti wa Chumbageni, Tanga

Ninawashukuru wote, na nimerudi na majibu kwa sababu nilidhani si haki kuchukua ushauri na kunyamaza.

Kabla ya mdogo wangu kufika, nilikwenda madukani Ngamiani nikiwa na mkono mtupu na kitambaa chenye maji. Nilijaribu rangi kumi na moja katika maduka matatu, nikitoka nje mlangoni kila mara mpaka muuzaji mmoja akamtuma kijana anifuate. Saba zilikuwa chaki. Nilinunua mbili mojamoja, ya tofali isiyong'aa na ya shaba inayong'aa, zote kwa shilingi 17,000, pamoja na konsila ya shilingi 12,000. Zimebaki shilingi 11,000 za poda.

Ijumaa saa moja asubuhi nilipaka jicho la kulia juu ya konsila na poda kama nilivyoelekezwa, na la kushoto juu ya kope tupu. Rangi zilezile, brashi ileile. Nilipanda bajaji kwenda kazini, nikakaa chini ya feni isiyozunguka vizuri. Saa tano jicho la kushoto lilikuwa limeanza mstari mkunjoni, na saa saba mwenzangu aliniuliza kama nilikuwa nimelisugua. La kulia saa kumi na moja jioni lilikuwa na kamstari kembamba tu, kinachoonekana kwa mtu aliyeinama mbele yako, na tofali ilikuwa bado ni tofali. Sikutegemea tofauti kubwa kiasi hicho, kwa maana nilikuwa nimeshaazimia kulaumu kope zangu.

Kisha nikairudia ile paleti ya 18. Dhahabu kwa kidole, juu ya konsila, imekuwa rangi nzuri kabisa, na kijani nayo, ambayo kumbe ina mng'ao, imekolea nilipoilowesha brashi. Kahawia zote tatu na zambarau nimezijaribu kwa kila njia, hata juu ya kalamu ya wanja mweusi, na zimebaki majivu. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mkono wangu kwa dhahabu, na la paleti kwa zambarau.

Swali la mwisho: vazi letu la siku ile ni kijani ya zumaridi. Je, nipake ile kijani?

Mpambaji wa Ilala

Usipake. Kijani ya paleti na kijani ya vazi zikiwa hazilingani kabisa, zitagombana katika kila picha. Paka tofali mkunjoni, shaba katikati ya kope, na dhahabu yako kidogo sana kwenye pembe ya jicho karibu na pua. Ile kijani, ukiipenda, iburute kwa ncha ya brashi yenye unyevu chini ya jicho tu, karibu kabisa na nywele za kope, mahali ambapo itaonekana unapocheka.

Na siku yenyewe usiongeze rangi juu ya jasho. Kunja karatasi laini, ikandamize juu ya kope bila kuburuta, hesabu mpaka tano, ndipo uongeze shaba kwa kidole.

Shangazi Mwanaidi

Na wanja upakwe pia. Wa kalamu, kama mfamasia anavyotaka.